Daftari la Chumba cha Kufulia

Kabla sijasema lolote, nani amelikunja shuka hili? Wewe, mwanangu wa kiume? Ndiyo maana. Pindo limegeuka juu, na kona hii haijui kona ile iko wapi. Miaka thelathini na moja nimekunja mashuka ya hospitali ya serikali, halafu leo nije nifie kwenye shuka lililokunjwa kama mfuko wa saruji! Lifungueni mlikunje upya, na dada yako ashike upande wa pili. Nyinyi wawili hamjashika kitu kimoja tangu mwaka juzi. Haya, kona kwa kona, livuteni, likazeni, sasa tembeeni mkutane katikati. Si mmekutana? Hakuna aliyekufa. Kaeni sasa, mmoja huku mmoja huku, mlango uacheni wazi nipate hewa, mnitegee masikio wanangu, maana leo sauti ninayo na kesho sina hakika, na nikishakata kauli mtabaki mkiulizana mama alitaka kusema nini.

Ya mali nitayamaliza haraka, kwa sababu mali yenyewe haba. Nyumba hii ni ya nyinyi wawili, na vyumba vitatu havina cha kugawana, kwa hiyo asije mtu akaniitia fundi wa kujenga ukuta katikati. Wewe dada mtu utaendelea kukaa hapa kama unavyokaa. Wewe mdogo wake, siku mwenye nyumba wako akikuonyesha mlango, chumba cha nyuma ni chako na mkeo na watoto, na asitokee mtu wa kukuuliza umekuja lini na utaondoka lini. Cherehani ni ya mkeo, maana ndiye pekee kati yenu anayekumbuka kuitia mafuta. Saa ya marehemu baba yenu haijatembea tangu afariki, msiigombanie. Na sanduku la bati lililo chini ya kitanda hiki ni la dada yako, ila lisifunguliwe mpaka nimalize kusema, kwa sababu kilichomo ndicho kilichonifanya niwaite nyote wawili chumba kimoja.

Na wewe dada mtu, Katibu, juzi asubuhi uliingia hapa umechangamka. Nakuita Katibu hata humu ndani, na usijifanye huoni, najua unalipenda jina hilo. Nami niliitwa hivyo miaka kumi na minne katika tawi lile lile la chama cha wafanyakazi, najua linavyopanda kichwani. Ulinieleza habari za chumba chenu cha mafaili pale hospitali, kwamba wanataka kazi ile wapewe watu wa kampuni, na nyinyi ishirini na wanane mwambiwe asanteni, nendeni salama. Hilo halikunishtua, nilijua lingewafikia. Kisha ukasema mkubwa wa ofisi amekuita peke yako, amekukalisha kwenye kiti laini, amekwambia, "Mama, kule juu wanadhani kazi yenu ni kupanga karatasi tu. Hebu niandikie yote mnayofanya, hatua kwa hatua, nikawatetee." Ukaniambia umeshafika ukurasa wa kumi na saba. Hapo ndipo kikombe kiliponiponyoka. Mkakimbilia kuniitia daktari, mkafikiri ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Maneno yale niliyasikia miaka ishirini na miwili iliyopita, katika jengo lile lile, na kiti kilikuwa laini vile vile.

Hamkupata kukiona chumba chetu cha kufulia kikiwa kizima, kwa hiyo nitawaeleza. Kilikuwa nyuma kabisa, kimepakana na chumba cha maiti, kina masinki sita ya saruji, mashine mbili kubwa, na mtambo wa mvuke uliokuwa ukikohoa kuliko wagonjwa. Tulikuwa watu arobaini na mmoja, wote waajiriwa wa serikali, na barua zetu na pensheni zetu. Watu walituona ni waosha uchafu tu. Lakini sisi tulijua vitambaa vya chumba cha upasuaji havikutani na vya wodi ya watoto hata kwenye kikapu, tulijua damu inatoka kwa maji baridi na ukiikosea kwa moto imekaa milele, tulijua kwa kugusa tu kwamba shuka hili limebakiza miezi miwili lipasuke. Tena tulikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa popote. Mgonjwa akifariki, nesi analitoa shuka lake, na kabla hajalituma kwetu analifunga fundo kona moja. Tuliwakuta wakongwe wakifanya hivyo, nasi tukafanya. Shuka la fundo halikutupwa mashineni na mengine. Mmoja wetu alilichukua kando, akalifungua fundo lile kwa mkono, akasema, "Haya, umepumzika," kisha akalifua peke yake kwenye sinki la mwisho. Ni dakika tano tu. Wengi wa marehemu wale walikata roho hawana mtu wa kwao pembeni, kwa hiyo hilo neno la mfuaji ndilo lililokuwa la kuagana nao.

Basi kulikuwa na mkuu wa utawala tuliyemwita Bwana Tabasamu. Huyo hata akikunyima likizo alikunyima akicheka. Zilipoanza fununu kwamba usafi, jiko na ufuaji vitapewa kampuni, sisi chama tukaanza kupiga mbio, barua huku, mkutano kule, na mimi katibu wa tawi sikuwa nalala. Ndipo akaniita. Alinivika kilemba cha ukoka, wanangu, nami nikainamisha kichwa anifunge vizuri. Akasema, "Wewe ndiye unayeijua kazi ile kuliko mtu yeyote nchi hii. Niandikie. Wakiisoma wataona aibu kumpa mtu baki." Nani alikuwa ameniambia maneno kama hayo? Dobi mimi! Nilirudi nyumbani nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, nikaandika wiki tatu hapo kwenye meza ya kulia, nanyi mkikatazwa kupiga kelele. Niliandika kila kitu: sabuni vipimo vingapi, mashuka mangapi kwa mashine, zamu zinapokezana vipi, watu wangapi wanatosha siku ya upasuaji na wangapi siku ya kawaida. Yaani nilitaka waone akili yetu. Fundo tu sikuliandika. Niliona haya, nilidhani atanicheka.

Sikumwambia mwenzangu hata mmoja. Hapo ndipo nilipokosea kosa la kwanza, na ni kosa la mtu anayejiona. Nilitaka siku tukishinda nisimame niseme, ni daftari langu lililowaokoa.

Miezi miwili baadaye mwenyekiti wetu akaitisha mkutano wa haraka pale ukumbini. Kuna mtu wa ofisi aliyemletea kwa siri karatasi za zabuni, zile ambazo kampuni zinapewa zijue kazi ikoje kabla hazijataja bei. Akaanza kusoma. Nilikuwa mbele, meza ya katibu, kalamu mkononi, naandika kumbukumbu za mkutano kama kawaida. Akasoma sabuni vipimo vingapi. Akasoma zamu. Maneno yalikuwa yangu, wanangu, yamepigwa chapa tu, hata koma hawakuhamisha. Kisha akasoma, "Vitambaa vya upasuaji vichemshwe dakika arobaini." Sasa karatasi ya serikali iliyobandikwa ukutani ilisema thelathini. Arobaini ilikuwa yangu mimi, kwa sababu mtambo wetu ulivuja mvuke na mimi niliongeza kumi kwa usalama, na sababu yake tuliijua watu wawili tu katika jengo lile, mimi na mpiga pasi wetu mkuu aliyenisaidia kuukagua. Alipoisikia ile arobaini aliinua kichwa, akanitazama. Nikainamia kitabu cha kumbukumbu.

Mpiga pasi huyo mnamjua. Ndiye Mzee Pasi, yule mnayevuka barabara msipite mbele ya baraza lake.

Ndiyo, huyo huyo. Acha nimalize, mwanangu.

Watu walipiga kelele, wakataka kujua nani ametuuza. Tulikuwa tunamwaga unga watu arobaini na mmoja, lazima apatikane wa kulaumiwa. Mfagiaji mmoja akasimama akasema, "Jumatatu nilimwona Pasi akitoka kwa Bwana Tabasamu." Ikawa kama umemwaga petroli. Pasi hakuwa mtu wa maneno. Alikwenda kule kuomba ruhusa ya kutoka mapema, kwa sababu mkewe alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, amekonda, na yeye hakutaka tumwonee huruma. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Pale alisimama tu, makoti ya madaktari yakimngojea kule nyuma, wakimtukana watu aliokula nao miaka ishirini. Alijua ni mimi. Angesema neno moja, "Muulizeni katibu ile arobaini imetoka wapi," na mambo yangekwisha. Hakulisema. Mwenyekiti akaita kura ya kumfukuza chamani. Mikono ikapaa. Wangu haukupaa, kwa kuwa ulishika kalamu, na hakuna aliyegundua. Nami nikasita kuandika jina lake. Ndipo akageuka kwangu, taratibu kabisa, akaniambia, "Katibu, andika."

Nikaandika. Niliandika amefukuzwa kwa kauli moja. Hata hiyo ilikuwa uongo.

Usinishike mkono, Katibu. Sistahili kushikwa mkono sasa hivi, subiri kwanza.

Yaliyofuata mnayajua kwa jinsi watu wanavyoyasimulia, na hayo ni kweli. Tulikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha kufulia siku kumi na tisa. Mimi ndiye niliyeziba mlango kwa kikapu cha chuma, mimi ndiye niliyewaambia askari waje wanibebe na kilo zangu zote, wakacheka wakaondoka. Kwa hilo mmeniwekea picha ukutani kwenye ukumbi wa chama, na watu wakipita wanasema huyu mama alikuwa simba. Nilikuwa simba, sikatai. Lakini nilipigana vile kwa sababu nilikuwa nimeshaufungua mlango mwenyewe, na kila siku ya zile kumi na tisa nilitumai tungeshinda, ili yale ya daftari yasiwe na maana tena. Hatukushinda. Wenzangu arobaini wakaambiwa kwaheri. Mimi nikahamishiwa bohari ya mashuka, kwenye kiti, na mshahara wangu na pensheni yangu. Watu wakasema ofisi inaogopa chama. Siku ya kwanza Bwana Tabasamu alipita bohari, akaniinamia akasema, "Hatusahau wema." Nikajua kiti kile ni malipo ya nini. Sikukikataa. Baba yenu alikuwa ameshaanza kuumwa, nanyi mlikuwa shule.

Wiki ile ile ya kwanza ya kampuni, yalikuja mashuka masafi niyapange. La nane au la tisa lilikuwa na fundo. Walilifua na fundo lake! Wangejuaje, halikuwa daftarini. Limekauka kama jiwe, na nilipolifungua, ndani yake damu ilikuwa pale pale. Nesi alikuwa amelichomekea kipande cha karatasi, kimefifia, lakini namba ya kitanda ilisomeka, na kitanda nilikijua. Ni mke wa Pasi. Amefariki, mumewe amefukuzwa kazini na amefukuzwa chamani, na shuka la mkewe limepigwapigwa mashineni pamoja na matambara ya sakafu. Nilitaka niseme, "Haya, umepumzika." Halikunitoka. Miaka ishirini na miwili halijanitoka.

Na wewe, mwanangu, utazame huku. Baba yenu alipofariki mwaka uliofuata, Mzee Pasi alikuja. Alivaa shati jeupe, limepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nalo. Ulisimama getini, hata ndevu hujaota, ukamwambia, "Wasaliti hawaingii hapa." Akavua kofia, akasema, "Poleni," kwa wote waliokuwa uani, akageuka. Mimi nilikuwa dirishani, hilo hilo. Nilikuona na nikamwona. Nikashusha pazia. Kwa hiyo usilie kwa ajili ya lile neno lako, mwanangu, neno lile nilikufundisha mimi kwa kunyamaza. Ila utakwenda. Utakwenda wewe mwenyewe kwenye baraza lake anaponyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa, utasimama kwenye geti lake kama alivyosimama kwenye letu, na utasema ulichokosea. Akikuambia ondoka, ondoka kwa adabu.

Nipeni maji. Kidogo tu. Yatosha.

Mnajiuliza kwa nini sikumwita mwenyewe aje hapa kitandani nimwombe radhi. Nimelifikiria. Mtu anayekufa akikuomba radhi huwezi kumkatalia, na Pasi ni mpole, angesema nimekusamehe, na lile jina baya angebaki nalo huko nje. Hiyo ingekuwa kumwibia mara ya pili. Nilimchafulia jina mbele ya watu, litasafishwa mbele ya watu. Jumamosi ni mkutano wa tawi, na uchaguzi, nawe unasimama tena, Katibu. Kabla ya kura, utasimama usome maneno nitakayokupa sasa hivi. Kwenye sanduku la bati kuna rasimu ya lile daftari, ya penseli, mwandiko wangu. Uwaonyeshe. Na kwenye kabati la chama kuna kitabu cha kumbukumbu za mikutano cha mwaka ule. Ukurasa wa Pasi usiuchane, usije ukautia wino juu. Chini yake kuna nafasi, niliiacha kusudi. Andika hapo ukweli, na wanachama watie saini.

Na zile kurasa zako kumi na saba, usimpe. Wala usimnunie, mwambie tu, "Mkubwa, ukitaka kujua kazi yetu, njoo ufanye nasi asubuhi moja." Kisha waite wenzako wote ishirini na saba, leo, si kesho, uwaambie uliitwa, ulikalishwa wapi, uliombwa nini na ulishaandika nini. Utaona aibu. Ona aibu sasa ingali ndogo. Na tangu leo usiingie ofisi ya mkubwa peke yako, hata kwa chai. Nenda na wenzako wawili, mmoja wa kusikiliza na mmoja wa kukukanyaga mguu ukianza kusifiwa, maana wewe ni mwanangu na najua udhaifu wetu uko wapi.

Jingine. Mdogo wako huyu anaendesha gari la mashuka la kampuni, mkataba wa miezi mitatu mitatu, mwaka wa nane sasa, akiumwa siku mbili hana kazi. Wewe ulimwita kibaraka mbele ya mkewe. Na wewe, mdogo mtu, ukamwambia chama chake ni kikundi cha wenye viti. Mkanitenganishia nyumba. Sasa nawaambia ulikotokea ugomvi huu, ulitokea kwetu. Sisi tulipotolewa, tuliwazomea wale wanawake walioingia. Tuliwarushia maneno machafu getini, na kumbe walikuja kutafuta ugali wa watoto wao kama sisi. Hakuna aliyewaambia, njooni mjiandikishe nasi. Kampuni ikacheka. Wewe Katibu usirudie. Dai lenu lisiwe wafukuzwe wale turudi sisi. Liwe kazi irudi serikalini, na walio ndani yake waingie nayo, madereva, wafuaji, wafagiaji, wote na barua zao. Na kadi ya kwanza ya uanachama utakayoandika kwa watu wa kampuni iwe ya huyu hapa. Utachukua, mwanangu? Nijibu kwa mdomo, siwezi kuona vizuri ukitikisa kichwa.

Vizuri. Nimesikia.

Nguvu zinaniishia, naona. Nikishafariki, shuka hili nililolalia lifungeni fundo, kona moja. Msilifue nyinyi. Mpelekeeni Mzee Pasi barazani kwake, mwachieni, mwondoke, asiwe na mtu wa kumtazama. Akitaka atalifungua na kusema neno letu. Asipotaka, libaki na fundo lake, litupwe, na asiwepo mtu wa ukoo huu atakayemchukia kwa hilo. Mmenielewa? Haki yake hiyo.

Sasa chukua kalamu. Hiyo hapo juu ya dawa. Geuza karatasi, upande huo una maagizo ya daktari.

"Mimi, aliyekuwa dobi mkuu, na katibu wa tawi hili miaka kumi na minne..." Usiandike haraka hivyo, watashindwa kusoma. "...ndiye niliyeandika daftari la kazi yetu, kwa mkono wangu, na kulipeleka kwa mkuu wa utawala bila kuwaambia. Nilidanganywa, lakini nililipeleka mimi. Siku tulipomfukuza mpiga pasi wetu mkuu nilikuwa ninajua hana kosa. Nilikuwa na kinywa, sikukifungua..."

Mbona umesimama kuandika?

Sema kwa sauti, mwanangu. Hawatakupigia kura? Huenda. Watasema mtoto wa nyoka ni nyoka, huenda hata hilo wakalisema, nawe utakaa chini na kupiga kura kama mwanachama mwingine, na Jumatatu utarudi kwenye mafaili yako. Wapo wengine wa kushika kalamu. Picha yangu wataitoa? Waitoe. Ule msumari wauache, yupo anayestahili kutundikwa pale.

Najua. Najua, mama. Si jepesi. Ungependa kumbukumbu ya mama yako ibaki safi. Nami nimefua maisha yangu yote... nakwambia... doa ukilikunjia ndani halitoki.

Njoo karibu. Na wewe, njoo, leta kichwa hapa, mkono hauinuki. Mungu awaweke. Awape kazi yenye heshima... na wenzenu wa kufanya nayo. Mkalale vizuri. Mkae nyumba moja... mkigombana mgombane mkiwa mmekaa. Mkeo mwambie asante, kwa supu. Watoto... wabusuni.

Hatujamaliza. Tulifika wapi... sikukifungua. Eeh. "Namwomba radhi... yeye... na marehemu mkewe... wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na nne..." Usifute machozi kwa mkono wa kalamu.

Bado umesimama.

Mwanangu. Nitazame.

Katibu... andika.